Soma kwa Sauti, Sista

Nilimtambua kwa namna alivyokuwa anafuta miwani.

Alisimama kwenye korido, nje ya mlango wa wodi ya watoto wachanga, amewapa mgongo watu wote, anafuta vioo kwa ncha ya shati. Cha kushoto kwanza. Halafu cha kulia. Halafu akarudia cha kushoto, kama mtu asiyeiamini kazi ya mikono yake. Miaka kumi na tisa imepita, na bado cha kushoto anakifuta mara mbili.

Nilikuwa nimetoka kuwatafuta ndugu wa mtoto wa kitanda cha tatu. Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri tangu ndani. Yote yakanitoka.

"Ndugu wa mtoto wa kitanda cha tatu," nikasema, na sauti yangu ikawa ya mtu mwingine.

Akageuka. Akavaa miwani. Alinitazama kwa muda mrefu, kuanzia kofia hadi viatu, kisha akarudi usoni na kubaki hapo. Nywele za pembeni zimeanza mvi. Macho ni yaleyale.

"Mimi ni mjomba wake," akasema. "Nimefika leo asubuhi." Kisha akaongeza polepole, "Hujambo, Sauti?"

Hilo jina wodini bado wananiita. Lakini hakuna anayeliita vile.

"Sijambo, Daktari."

"Leo si daktari. Sitaingia ndani. Kanuni inasema mtu hatibu damu yake."

"Kanuni zenyewe uliziandika wewe," nikamwambia.

Akataka kucheka, cheko likafia njiani. Pembeni yake, kwenye benchi, alikaa mama yake. Alikuwa amekumbatia mkoba mweusi kama mtu anayeogopa kuporwa, na kitenge chake amekiweka juu ya nafasi iliyobaki, mtu asikae.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," akajibu, akiangalia viatu vyangu. "Mjukuu wangu anaendeleaje?"

Nikawaambia ukweli, maana nimejifunza kwamba ndugu huumizwa zaidi na maneno ya kuzungukazunguka. Mtoto amezaliwa na wiki ishirini na saba tu. Ana siku tatu duniani. Uzito wake ni gramu mia tisa. Maambukizi yameingia kwenye damu, na presha yake inashuka. Antibayotiki amepewa, na maji ya chumvi. Dopamini ya kuinua presha tumempandishia mara tatu, adrenalini tumeiongeza, na presha bado inashuka.

"Wastani ngapi?" akauliza yeye.

"Kumi na tisa."

Akafumba macho. Sisi wa wodi hii tuna kipimo chetu cha kukisia: namba ya presha isipungue namba ya wiki za mimba. Mtoto wa wiki ishirini na saba tunamtakia ishirini na saba. Kumi na tisa haikai na uhai kwa muda mrefu.

"Daktari wa zamu anafikiria haidrokotisoni," nikasema.

"Steroidi," akawaza kwa sauti. "Ndiyo. Mimi pia ningefikiria hivyo." Kisha akajizuia. "Samahani. Mimi ni mjomba."

Nikarudi ndani. Mlango ulipojifunga nyuma yangu, niliegemea ukuta, nikasema moyoni, Ee Mwenyezi Mungu, huyu mtoto kwanza. Mambo yangu mimi yamesubiri miaka kumi na tisa, yanaweza kusubiri jioni moja.

*

Niliingia katika hospitali hii nikiwa na ndoo na dekio. Nilideki wodi hii hii. Herufi nilizijua nikiwa na miaka ishirini na mbili, kwenye masomo ya jioni, nikiwa nimekaa dawati moja na baba mmoja fundi baiskeli. Tuliendelea, kitabu kwa kitabu, mtihani kwa mtihani, mpaka nikaenda chuo cha uuguzi, na siku moja nikarudi wodini kwa mlango uleule nikiwa na kofia nyeupe badala ya ndoo. Siku hiyo nilipiga magoti kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kumshukuru Mungu mpaka wenzangu wakagonga mlango.

Lakini jambo moja lilinibakia. Sikuweza kusoma kimoyomoyo. Lazima midomo itembee na sauti itoke, la sivyo maneno yalinipotea. Wauguzi wenzangu walicheka. "Sista Sauti anaiombea sindano dua," walisema. Nilicheka nao, kisha nikalia kivyangu.

Halafu akaja daktari kijana mwenye miwani mikubwa kuliko uso wake. Wodi nzima ikamwita Miwani. Siku ya nne aliandika dozi ya mtoto, nami nikaisoma kama kawaida yangu, kwa sauti: "Miligramu kumi."

Kalamu yake ikasimama. "Umesema ngapi?"

"Kumi, Daktari. Ndivyo ulivyoandika."

Alitaka kuandika moja. Akaichukua karatasi, akaitazama, akafuta miwani. Cha kushoto, cha kulia, cha kushoto. Kisha akaniambia kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

"Soma tena, Sista. Usiache kusoma hivyo."

Juma lililofuata karatasi ilibandikwa kwenye kabati la dawa: *Dawa ya mtoto mchanga husomwa kwa sauti, na watu wawili.* Mmoja asome, mwingine ajibu. Aibu yangu ikawa kanuni ya wodi. Na kila alipohitaji msomaji wa pili, alimtafuta msomaji mmoja tu. Watu wengine huambiana maneno matamu. Sisi tuliambiana uzito na kipimo, tukitazamana juu ya bomba la sindano, na niliyajua mapenzi yake katika namna alivyokuwa akisema "sifuri nukta tano."

Alinipeleka kwao mara moja tu. Mama yake alinikaribisha chai, akaniuliza nilisoma wapi, nikajibu bila kuficha. Akaweka kikombe chini.

"Mwanangu amesoma mpaka macho yameisha," akasema, si kwangu, bali kwa kikombe. "Atakaaje na mtu anayesoma kwa kutembeza midomo kama mtoto wa darasa la kwanza?"

"Mama, midomo hiyo imeokoa watoto," akamjibu.

"Basi ibaki huko huko kwa watoto."

Mwaka huohuo alipata nafasi ya kwenda kusomea ubingwa mbali. Siku ya Alhamisi, mlinzi wa geti aliniletea barua yake. Bweni letu lilikuwa na chumba kimoja cha wasichana wanne, na bafu lenye foleni asubuhi na jioni. Niisomee wapi? Kuisoma ilikuwa sawa na kuitangaza. Nikaificha chini ya godoro, nikiilalia kama yai, mpaka Jumapili wenzangu wote walipokwenda kusali. Nikawadanganya kichwa kinaniuma. Mungu anisamehe, ndiyo siku pekee niliyokosa ibada kwa uongo.

Nikafungua. Nikasoma kwa sauti.

*Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye geti la hospitali. Ukija, nitawaambia nyumbani kwamba tunaondoka wawili. Usipokuja, nitaelewa.*

Jumamosi ilikuwa jana.

Sikumwandikia kamwe. Ningeandika nini? Kwamba mama yako alisema kweli? Kwamba nimekupoteza kwa sababu sijui kusoma kimya? Nikanyamaza. Hajui mpaka leo.

*

"Sista Sauti, tusome," aliniita daktari wa zamu. Ni binti mwembamba anayetembea upesi, wodini tunamwita Mbio. Haogopi kazi, ila siku hiyo mikono aliificha mifukoni.

Nikaanza juu kabisa ya faili, kwenye barua ya rufaa ya hospitali ndogo alikozaliwa mtoto. Wengi huiruka. Mimi sijawahi kujua kuruka. Nilisoma mstari kwa mstari, na kwenye mstari wa mwisho, uliobanwa pembezoni, nikasoma: "Dawa ya kufunga mshipa wa moyo. Saa mbili asubuhi."

Mbio akanyanyua kichwa. "Leo?"

"Leo. Hakuna saini."

"Imeandikwa kwamba amepewa, au kwamba apewe?"

"Haisemi."

Tukatazamana. Watoto njiti wengi huwa na mshipa mdogo karibu na moyo ambao hauzibi wenyewe, na iko dawa ya kuuziba. Ni dawa nzuri. Lakini ikikutana na steroidi hii katika mwili wa gramu mia tisa, utumbo unaweza kutoboka. Tukimpa haidrokotisoni na ile tayari imo ndani, tunaweza kumuua kwa mikono ya kumsaidia. Tusipompa, presha itamuua yenyewe. Skrini ikasoma kumi na nane.

Mbio akapiga simu hospitali ile. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena.

"Aliyekuwepo ni nani?" akauliza. "Mama mtoto yuko juu, amepasuliwa tena mchana huu, hajaamka vizuri."

"Bibi yake alikuwepo," nikasema.

Nikatoka. Nilichuchumaa mbele ya benchi ili macho yetu yalingane, kama ninavyofanya kwa ndugu wote.

"Mama, asubuhi kule hospitali, kuna dawa ya moyo ilitakiwa kupewa mtoto. Alipewa?"

Akakaza mikono kwenye mkoba.

"Mama," mwanawe akasema, "jibu."

"Kwani mnanihoji kama mwizi?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Nakuomba. Wewe ndiye uliyeona. Sisi tunategemea macho yako."

Kidevu chake kikaanza kutetemeka. Nilimfahamu mama huyu kwa maneno makali tu. Sikuwahi kujua kwamba kidevu chake kinaweza kutetemeka.

"Hawakuwa nayo," akasema. "Walinituma mimi nikaitafute. Maduka mawili ya dawa yamefungwa. La tatu nikangoja mwenyewe afungue. Miguu yangu hii si ya kukimbia tena. Niliporudi, gari la wagonjwa limeshawasha moto, mtoto yumo, wananipigia kelele panda, panda. Nikapanda." Akafungua mkoba, akatoa kichupa kidogo kilichofungwa ndani ya leso. "Nilichelewa. Tangu asubuhi nimekaa hapa najua kwamba mjukuu wangu anakufa kwa sababu nilichelewa. Nilishindwa kusema."

Nikakipokea. Kifuniko cha bati kilikuwa kizima. Hakikuguswa.

"Mama, nisikilize vizuri. Kwa kuwa ulichelewa, sasa tunaweza kumpa dawa nyingine anayoihitaji. Ungewahi, mlango huo ungefungwa."

Alinitazama usoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, usoni.

Ndani, Mbio aligeuza kichupa mara mbili kwenye mwanga. "Tunampa," akasema. "Msomaji wa pili?" Wauguzi wengine wawili walikuwa wameinamia kitanda cha kwanza, mtoto amesahau kupumua. Mbio mwenyewe alishika mrija wa kwenye kitovu, hakuweza kuuachia. Akatazama mlangoni. "Yule mjomba si ndiye aliyeandika ile karatasi ya kabatini? Kusoma si kutibu. Mwite asimame kizingitini."

Akasimama kizingitini, amevalishwa joho la wageni lililomfika magotini, mikono nyuma. Mlango ukabaki wazi nusu. Nikavuta dawa, nikanyanyua bomba la sindano kwenye mwanga.

Juu ya kila figo tuna tezi ndogo. Mtu akiugua sana, hizo ndizo humwaga homoni ya kuishikilia presha isianguke. Mtoto aliyekuja mapema, tezi zake hazijajua kazi hiyo. Dawa hii humpa kwa sindano kile ambacho mwili wake bado haujajifunza kutengeneza. Namwonea huruma mtu anayechelewa kujifunza. Namjua.

"Mtoto wa kitanda cha tatu," nikasoma.

"Kitanda cha tatu," akajibu.

"Uzito, kilo sifuri nukta tisa."

"Sifuri nukta tisa."

"Haidrokotisoni. Miligramu moja kwa kila kilo."

"Moja kwa kilo. Dozi?"

"Miligramu sifuri nukta tisa."

"Sifuri nukta tisa," akasema, na aliisema vilevile, kwa sauti ya chini ikishuka mwishoni kama mtu anayeweka kitu cha thamani mezani. Miaka yote ikanirudi. Harufu ya spiriti, taa ya kabati, mvua kwenye madirisha ya wodi, kijana mwenye miwani mikubwa akinisubiri nimalize sentensi yangu bila haraka.

"Imechanganywa miligramu moja katika mililita moja," nikaendelea.

"Basi mililita?"

"Sifuri nukta tisa."

"Soma tena, Sista."

Nikasoma tena. Nikasukuma polepole, nikiomba kwa kila mstari wa bomba.

*

Dawa hii haina pupa. Saa tisa na nusu, presha kumi na nane. Saa kumi, kumi na tisa. Tulimpima sukari, maana steroidi huipandisha. Saa kumi na moja, ishirini na mbili, na Mbio akapunguza adrenalini kidogo sana, kama mtu anayetoa mkono chini ya mtoto anayejifunza kukaa. Saa kumi na mbili kasoro, jua la jioni likiwa kwenye vigae, skrini ikasoma ishirini na nane. Nikafungua nepi.

Nilitoka koridoni nikiwa nimeishika mkononi.

"Amekojoa," nikasema.

Mjomba akashika ukuta. Bibi akatukodolea macho, mmoja baada ya mwingine. "Mnashangilia mkojo?"

"Hapa kwetu, Mama, mkojo ni habari njema," nikasema. "Maana yake damu imefika kwenye figo. Hajavuka bado. Maambukizi yapo, na usiku ni mrefu. Lakini presha imesimama."

Akajifunika uso kwa kitenge, akalia bila sauti. Mwanawe alimshika bega mpaka alipotulia. Kisha akanifuata kwenye dirisha la mwisho wa korido.

"Umeolewa?" akauliza, akiangalia nje.

"Na zamu. Ni mume mwenye wivu. Wewe?"

"Nilichumbia mara moja. Akaniuliza kwa nini nataka asome gazeti kwa sauti."

Nikacheka, kisha nikaona cheko linataka kugeuka kitu kingine. Yule mama koridoni alikuwa amelibeba jambo lake siku nzima ndani ya mkoba, na lilipotoka lilimwokoa mtoto. Langu mimi nilikuwa nimelibeba miaka kumi na tisa.

"Ulisubiri mpaka saa ngapi?" nikamuuliza.

Hakuuliza siku gani. "Saa saba. Mlinzi aliniletea kiti."

"Aliniambia Jumatatu."

"Sikukulaumu. Niliandika kwamba nitaelewa, na nikajilazimisha kuelewa."

"Ulielewa vibaya," nikasema. "Bwenini tulikuwa wanne chumba kimoja. Nilikuwa sijui kusoma kimya. Nilisubiri wenzangu watoke." "Barua yako niliisoma Jumapili."

Akavua miwani. Akafuta cha kushoto. Hakufika cha kulia. Alibaki ameishika, macho yamejaa, anaangalia midomo yangu kama mtu anayesoma.

"Jumapili," akasema.

"Jumapili, saa tatu asubuhi. Mara nne. Kwa sauti."

"Na mimi nilimwambia, unaona, hakutaki." Ilikuwa sauti ya mama yake, kutoka benchini. Korido ile ina mwangwi, na masikio yake hayajazeeka kama miguu. Aliangalia mikono yake. "Leo nimekusikia kupitia ule mlango. Kila neno. Ungesoma kimya, nisingejua mnamfanyia nini mjukuu wangu. Ningekufa hapa."

Mwanawe alijipapasa mifukoni, akapata kadi yake ya mgeni wa wodi, akaigeuza, akaandika akiwa ameiegemeza dirishani. Akanipa.

Siku hizi najua kusoma kimya. Nilijifunza kwa hasira, mwaka uleule. Macho yangu yakapita juu ya mstari ule, yakarudi mwanzo.

"Soma kwa sauti, Sista," mama akasema. "Na mimi nisikie."

Nikasoma. "Jumamosi, saa nne asubuhi, kwenye geti la hospitali."

Ndani, mashine ya kitanda cha tatu ililia mlio wake wa kawaida, ule mzuri.

"Leo ni siku gani?" mama akauliza.

"Alhamisi, Mama."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyanyua kitenge chake kutoka kwenye benchi, akakikunja, akakiweka magotini, na nafasi ikabaki wazi kando yake.

Nikakaa.